Watoto wanne, mwalimu mmoja: Piga hesabu hii kabla hujakubali kufunza nyumbani

Kama uko na miaka ishirini na kitu, unaishi kwa wazazi ama umejishikiza kwa dadako mkubwa, na huna ofisi ya kukimbilia saa kumi na mbili asubuhi, kaa karibu. Hii ni yako. Kuna sentensi moja ambayo itakufikia, kama bado haijakufikia: "Si wewe uko tu hapa nyumbani? Wafunze hawa watoto."

Sentensi hiyo husemwa kwa upole, mara nyingi pembeni kuna chai na chapati, na ndiyo maana wengi hukubali kabla ya kuuliza chochote. Wiki mbili baadaye unawapata wanapiga kelele kuliko kondakta wa Githurai, mdogo ana katuni mbele yake tangu asubuhi, na yule mkubwa ndiye anayefunza wenzake huku wewe unatafuta kalamu iliyopotea.

Siku hizi si ajabu kusikia familia ya mtaani imeamua watoto wasomee nyumbani. Wengine ni karo imewalemea. Wengine mtoto ni mgonjwa, ama shule iko mbali, ama imani yao inawaelekeza hivyo. Wengine hufuata CBC, wengine Cambridge, wengine ule mfumo wa ACE ambapo kila mtoto ana vijitabu vyake na anaenda kwa kasi yake. Sababu zao ni zao na sitaki kubishana nazo leo. Ninachotaka kusema ni kimoja: penye watoto wengi, masomo ya nyumbani husimama ama kuanguka kwa jinsi mnavyompanga mtu mzima. Vitabu mtapata. Ubao mtatundika. Lakini mtu mzima ni mmoja, ana macho mawili na masikio mawili, na hao ndio mnaogombania.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Usiku naandika blogu, na asubuhi tano kwa wiki nafunza watoto wanne wa dadangu kwenye nyumba ya vyumba viwili huku Eastlands. Mmoja yuko PP2, wa pili Gredi ya 2, wa tatu Gredi ya 5, na msichana mkubwa yuko Gredi ya 8. Sina cheti cha ualimu na TSC hawanijui. Lakini ratiba ya nyumba yenye watoto wanne naijua kama njia ya kwenda dukani.

Tuanze na hesabu. Watu wengi wakianza kufunza nyumbani hunakili ratiba ya shule. Wanachora jedwali, wanaweka rangi, wanabandika ukutani. Katika CBC kipindi kimoja ni dakika 30 kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, dakika 35 kwa Gredi ya 4 hadi ya 6, na dakika 40 kwa sekondari msingi. Chukua dakika 35 kama wastani. Watoto wanne, kila mmoja masomo matano kwa siku, hiyo ni vipindi 20. Zidisha. Unapata dakika 700, yaani saa 11 na dakika 40 za kufunza bila kwenda choo, bila kupika, bila kupokea simu. Ukianza saa mbili asubuhi utamaliza karibu saa mbili usiku. Buda, hiyo ratiba hata mwalimu mkuu mwenyewe haiwezi.

Ratiba ya shule inafanya kazi shuleni kwa sababu mwalimu anazungumza na watoto arobaini ama hamsini wa kiwango kimoja kwa wakati mmoja. Nyumbani una watoto wanne wa viwango vinne. Habari njema ni kwamba mtoto anayefunzwa peke yake hahitaji dakika 35 ili aelewe kitu ambacho darasani kinachukua dakika 35. Hakuna kuita majina, hakuna kungoja wa nyuma wanyamaze. Dakika 15 za mtu mzima ambaye hana simu mkononi zinafika mbali sana.

Kwa hivyo usianze kwa kuuliza "leo tutasoma masomo gani?" Uliza "nina dakika ngapi, na nampa nani?"

Mimi nina dakika 210 asubuhi. Tunaanza saa mbili na nusu na tunamaliza saa sita na nusu, katikati tukiwa na mapumziko ya nusu saa. Dakika 25 za kwanza ni za wote pamoja. Kisha wa PP2 anapata 30 zilizokatwa mara mbili, wa Gredi ya 2 anapata 50, wa Gredi ya 5 anapata 40, na wa Gredi ya 8 anapata 40. Jumla hapo ni 185. Zile 25 zinazobaki sizigusi. Hizo ni za uji uliomwagika, za fundi wa maji anayebisha mlangoni, za mtoto aliyeamka vibaya. Ratiba isiyo na nafasi ya fujo itavunjwa na fujo ya kwanza, na katika nyumba yenye watoto wanne fujo ya kwanza huja kabla ya saa tatu.

Sasa utauliza, na wale watatu wakati niko na mmoja, wanafanya nini?

Hapa ndipo kazi iko. Jibu si geni kwetu hata kidogo. Nenda madrasa yoyote Mombasa ama Lamu, ama hapa Majengo na Eastleigh. Utamkuta ustadhi mmoja na watoto wa kila umri wamekaa mkekani. Huyu bado anashika alifu na bee, yule yuko Juzuu Amma, mwingine ameshasonga mbele sana. Kila mmoja anasoma kipande chake kwa sauti, na ustadhi anawaita mmoja mmoja waje wasikilizwe. Ukimaliza unapewa kipande kipya, unarudi mahali pako. Watoto wamefunzwa hivyo tangu zamani, mwalimu akiwa mmoja na viwango vikiwa kumi. Siri yao ni kwamba hakuna mtoto anayeketi bila kujua afanye nini mpaka zamu yake ifike.

Kwa hivyo kila mtoto wangu ana orodha mbili. Ya kwanza ni kazi ya peke yake: kitu anachokijua tayari na anahitaji tu mazoezi. Hesabu za aina ya jana, kusoma kurasa kumi, kunakili maneno, kuchora ramani. Ya pili ni kazi ya sisi wawili: kitu kipya, kitu kigumu, ama kusoma kwa sauti nikisikiliza. Ukichanganya hizi mbili umekwisha. Ukimwachia mtoto wa Gredi ya 5 sehemu mpya ya desimali afanye peke yake, atakuja kukuvuta shati kila dakika mbili, na wa PP2 ataona kumbe hapa ni kuvutana mashati.

Kuna na sheria ya kukwama. Ukikwama na mimi niko na mwenzako, weka nyota kando ya swali, ruka, endelea na lingine. Zamu yako ikifika tunaanza na nyota. Hii sheria ndogo imeokoa asubuhi nyingi kuliko kitabu chochote. Na inamfunza mtoto kitu ambacho wengi wetu tulikosa: kukaa na swali gumu kidogo bila kupiga mayowe.

Mpangilio wa zamu nao una sababu. Mdogo kwanza, kila siku. Wa PP2 akipata dakika zake 15 mapema, mimi na yeye tu, vizibo vya soda mezani tukihesabu, anashiba. Akishiba anaweza kukaa na unga uliokandwa akiunda herufi huku nikisikiliza wa Gredi ya 2 akisoma. Lakini ukimwambia "ngoja kwanza" tangu asubuhi, atatafuta njia yake ya kukufanya umwangalie, na hautaipenda. Anayefuata ni wa Gredi ya 2, kwa sababu huo ndio umri wa kusoma kushika ama kupotea, na kusoma hakungoji mchana mtu ameshachoka. Wa Gredi ya 5 anafunga ngwe ya kwanza. Baada ya chai, wadogo wanapata zamu fupi tena, halafu naketi na mkubwa.

Zile dakika 25 za pamoja nazo usizidharau. Watu hudhani watoto wa viwango tofauti hawawezi kusoma kitu kimoja. Wanaweza, ila kila mmoja anachota kwa kikombe chake. Chukua ujumbe wa tokeni za stima. Umenunua, simu imeingia meseji: namba ya tarakimu 20, uniti ulizopata, pesa ulizolipa, na zile zilizokatwa kwa ada nyingine. Wa PP2 anatafuta tarakimu anazozijua. Wa Gredi ya 2 anasoma kiasi kilicholipwa na kuniambia mamia ni mangapi na makumi ni mangapi. Wa Gredi ya 5 anagawa pesa kwa uniti aone uniti moja imetugharimu ngapi. Wa Gredi ya 8 anatafuta ada ni asilimia ngapi ya pesa zote, na akilinganisha meseji za miezi mitatu anachora grafu. Meseji moja, watoto wanne, na hakuna aliyenunua kitabu. Siku nyingine ni hadithi, siku nyingine habari za redio, siku nyingine risiti ya duka.

Kuhusu vifaa, usiogope sana. Miongozo ya mtaala ya CBC iko kwenye tovuti ya KICD na unaipakua bila malipo. Ukiisoma unajua mtoto wa gredi fulani anatarajiwa kujua nini, na huhitaji kukisia. Kama uko Nairobi, kuna maktaba za umma za Kaloleni, Makadara na Buruburu, na kuna McMillan katikati ya jiji, ambayo imekuwepo tangu 1931. Mchana mmoja kwa wiki wakubwa wakienda huko na mtu, nyumba inapumua na wadogo wanapata utulivu. Lakini simu iwe kitu cha mwisho. Bando zinaisha, stima inapotea, na simu moja kwa watoto wanne ni vita. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi watoto wote waliporudi Januari 2021, wengi walijifunza kwa uchungu kwamba masomo yanayotegemea simu pekee huishia pale chaji inapoishia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya. Ni kuhusu mtoto wa kwanza.

Katika nyumba ambayo mtu mzima hajapangwa, kuna mtu atakayejaza pengo, na karibu kila mara ni mkubwa. Akiwa msichana ndiyo kabisa. Hakuna anayemtangazia kazi. Inaanza na "msaidie mdogo wako hapo kidogo." Kisha ni "msomee." Kisha ni "mwangalie nikienda sokoni." Muhula ukiisha, mtoto wa miaka 13 ni mwalimu wa chekechea, yaya na mpishi, na vitabu vyake mwenyewe havijafunguliwa. Wageni wakija wanamsifu: "Huyu ni mama mdogo." Manze, hiyo sifa ifike mwisho. Anasifiwa kwa kupoteza masomo yake.

Na yeye ndiye asiyeweza kupoteza. Mtihani wa kwanza wa Gredi ya 9, KJSEA, ulifanywa 2025, na Januari 2026 kundi la kwanza likaingia Gredi ya 10. Sasa mtoto anayemaliza sekondari msingi anaelekezwa kwenye moja ya mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Msichana aliyetumia Gredi ya 7 na ya 8 akifundisha wengine kuhesabu vizibo atafika hapo na nini? Ndugu zake wadogo watakuwa wamejua kusoma, sawa. Lakini hesabu ya familia itakuwa imelipwa na mtu mmoja, na hakuna aliyemwuliza.

Simaanishi mkubwa asisaidie. Kumsikiliza mdogo akisoma kunamjenga hata yeye, na hata madrasani wakubwa huwashika wadogo mkono. Lakini kuwe na mpaka unaojulikana. Kwetu ni dakika 15 kwa siku, na kamwe si ndani ya dakika zake. Ile zamu yake ya dakika 40 na mimi haihamishwi kwa sababu mdogo analia. Mdogo akilia, zile dakika 25 za fujo ziko. Mchana wadogo wakilala ama wakicheza nje, mkubwa anapata mlango uliofungwa na meza yake. Sayansi Jumuishi ikinipita kimo, kuna jirani anayeijua, na tumeelewana naye Jumanne na Alhamisi. Kupanga ni pamoja na kujua mwisho wa uwezo wako na kuweka mtu mwingine pale.

Ukitaka kupima nyumba yoyote inayofunzia watoto nyumbani, usiangalie ubao wala rangi za jedwali. Mwulize mkubwa: jana ulisoma nini kipya, na nani alikufunza? Akikosa jibu, hiyo nyumba haina ratiba.

Najua kuna atakayeniambia watoto wapelekwe shule tu, mambo yaishe. Kwa familia nyingi ni kweli. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto yuko shuleni. Kuna wazazi waliofika hadi mahakamani kwa kuwaweka watoto nyumbani. Kwa hivyo mambo ya karatasi, ya ofisi ya elimu na ya kituo ambacho mtoto atasajiliwa kufanyia mtihani ni ya mzazi, na ayamalize kabla wewe hujashika chaki. Na kama asubuhi hakuna mtu mzima nyumbani, wazo hilo liachwe kabisa. Watoto wanne, televisheni moja na mlango uliofungwa kwa nje si shule ya nyumbani. Ni watoto waliofungiwa.

Lakini kama uamuzi umeshafanywa, na sentensi ile imekufikia na chapati yake, usijibu siku hiyo. Omba siku mbili. Chukua karatasi, andika jina la kila mtoto, gredi yake, na dakika ambazo una uhakika unaweza kumpa. Andika saa yako ya kuanza na saa yako ya kumaliza, maana na wewe una maisha: una kazi za kutafuta, una kozi ya mtandaoni, una haso yako. Andika nani anapika siku za masomo. Andika utalipwa nini, hata kama ni nauli na bando na chakula, lakini iandikwe. Mwalimu asiyejua saa yake ya kutoka huchoka mwezi wa pili, na akichoka yeye, anayeachiwa darasa ni yule msichana wa Gredi ya 8.

Halafu Jumapili jioni, kila wiki, tenga nusu saa. Jaza zile orodha mbili kwa kila mtoto, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa iache nyepesi: kumaliza nyota zilizobaki, kufua, kutembea, kucheza mpira na watoto wa ploti, maana mtoto anahitaji marafiki ambao hawakuzaliwa na mamake. Nusu saa hiyo ikikushinda, basi asubuhi tano zitakushinda zaidi.

Ile karatasi ukishaijaza, ipeleke kwa mzazi wa watoto mkae muisome pamoja. Dakika zikitosha, anza Jumatatu. Zisipotosha, sema mapema, watoto wakiwa bado hawajapoteza muhula. Na kabla hamjatia sahihi, mwite mkubwa naye asome. Dakika zake zimo humo.